Ushirika Baada ya Vita: Mafunzo ya Wakulima wa Kahawa wa Timor ya Mashariki

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Miaka kumi si umri mkubwa kwa mbuni, wala si mkubwa kwa chama; lakini yatosha kuonyesha kama mizizi imeshika ardhi au la. Watakaosema baada yetu watawapeni hesabu za kilo na za shilingi. Sisi tumeombwa na Halmashauri tuseme juu ya shauri mtakalolipigia kura kesho asubuhi, yaani kama Chama chetu kitenge kila mwaka sehemu ya ziada yake iwe mfuko wa tahadhari, mbali na akiba ile ambayo sheria yatutaka tuiweke, au kama ziada yote igawanywe kwa wanachama katika malipo ya pili.

Twajua kuwa shauri hili limewagawanya watu. Mwenye mtoto wa kulipiwa ada mwezi ujao hawezi kulaumiwa akitaka haki yake leo. Kwa hiyo hatukuja kuwahubiria. Tumekuja kuwasimulia habari za nchi moja ndogo, ya wakulima wa kahawa kama sisi, iliyopata uhuru wake katika majivu, ili mkisha kusikia yaliyowapata watu wake mpime wenyewe.

Nchi hiyo ni Timor ya Mashariki. Ni nusu ya kisiwa kilichoko kati ya visiwa vya Indonesia na bara la Australia. Nchi ya milima mirefu na njia mbaya, yenye watu wapatao milioni moja na laki tatu. Wareno waliitawala muda mrefu, na katika karne ya 19 wakawashurutisha wenyeji kupanda mibuni. Tarehe 28 Novemba 1975 chama cha FRETILIN kilitangaza uhuru. Siku tisa baadaye, tarehe 7 Desemba, majeshi ya Indonesia yaliingia, nayo yakakaa miaka 24. Katika miaka hiyo watu wengi waliuawa kwa silaha, na wengi zaidi wakafa kwa njaa na maradhi.

Na kahawa je? Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo biashara ya kahawa ilishikwa na kampuni moja iliyofungamana na wakuu wa jeshi. Mkulima hakuwa na mnunuzi wa pili. Alipokea bei aliyopewa, akanyamaza. Na mtu asiyekuwa na tumaini la bei hapogoi mbuni wala hapandi mwingine. Alichuma kile kilichomwangukia, basi.

Mwaka 1994 mlango ulifunguliwa kidogo. Kwa msaada wa Serikali ya Marekani, na kwa uongozi wa shirikisho la vyama vya ushirika la nchi hiyo, ilianzishwa kazi ya kununua kahawa kwa njia ya ushirika, na katika kazi hiyo kikakua chama kijulikanacho kwa jina la Cooperativa Café Timor. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi, na twaomba mwuangalie vizuri, kwa maana ndani yake mna siri ya yote yaliyofuata. Mkulima alileta buni mbivu, nyekundu, zilizochumwa siku ile ile. Zilipimwa mbele ya macho yake. Alilipwa fedha taslimu. Kazi ya kumenya, kuosha na kuanika ilifanywa na chama chenyewe katika viwanda vyake vya kati, ili kahawa yote iwe ya namna moja na mnunuzi wa ng'ambo ajue anunuacho. Na kwa kuwa wakulima wale katika umaskini wao hawakuwa na desturi ya kutumia mbolea za viwandani wala dawa za sumu, kahawa yao ilipata hati ya kilimo cha asili, ikauzwa kwa bei ya juu kuliko ya kawaida. Miongoni mwa wanunuzi wake ilikuwamo kampuni kubwa ya Marekani iitwayo Starbucks.

Ndugu wanachama, sasa tufike kwenye moto. Tarehe 30 Agosti 1999 watu wa Timor ya Mashariki walipiga kura chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, na katika kila watu mia, zaidi ya 78 walichagua kujitenga na Indonesia. Jibu la kura lilipotangazwa, wanamgambo waliosaidiwa na jeshi waliichoma nchi. Zaidi ya watu elfu moja waliuawa. Watu wapatao robo milioni walivushwa mpaka kwa nguvu kwenda upande wa magharibi wa kisiwa. Majengo na mitambo, kiasi cha sehemu saba katika kumi, viliharibiwa: shule, zahanati, ofisi, nyaya za umeme, mabomba ya maji.

Lakini kulikuwa na hasara nyingine isiyoonekana katika picha za nyumba zilizoungua. Wafanyabiashara wengi, waalimu wengi wa shule za juu, na wakuu wengi wa ofisi walikuwa Waindonesia, nao waliondoka. Benki zilifungwa. Hati za ardhi na vitabu vya hesabu viliteketea. Siku Umoja wa Mataifa uliposhika utawala, Oktoba 1999, haikuwako serikali ya kukabidhiwa. Ilikuwako milima, na watu waliokuwa wakirudi makwao kwa miguu. Uhuru kamili ulikuja tarehe 20 Mei 2002.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika nchi ile koleo lilivunjika kweli kweli. Basi uhunzi ulibaki wapi?

Ulibaki mashambani. Mibuni haikuwa mjini; ilikuwa milimani, chini ya miti ya kivuli, na wachomaji hawakuwa na muda wa kuing'oa. Tena ulibaki katika vichwa vya watu. Jamaa zipatazo elfu ishirini walikuwa wamekwisha kuzoea kwamba kuna mahali ambapo buni nyekundu hupimwa kwa haki na kulipwa fedha. Kwa hiyo msimu wa mwaka 2000 ulipofika, nchi ikiwa bado haina bunge wala fedha yake yenyewe, mizani ilirudi kando ya barabara na wakulima wakarudi kwenye mizani. Kahawa ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu ambayo nchi ile changa iliweza kuiuza nje kwa jasho la watu wake, na mpaka leo, ukiacha mafuta na gesi, haijapatikana ya kuipita. Tena sehemu ya nyongeza ya bei ilitumika kufungua zahanati za ushirika huko vijijini, wakati ambapo Serikali ilikuwa haijaweza kupeleka daktari.

Hili, Bwana Mwenyekiti, ndilo funzo la kwanza. Watu husema kuwa nchi iliyotoka vitani yahitaji kwanza mtaji, kisha wataalamu, kisha watu wenye ujasiri wa biashara. Vyote vyahitajika. Lakini sisi twaona kuwa kabla ya vyote huhitajika mizani isiyosema uongo. Mkulima mwenye magunia matatu ni mfanyabiashara. Naye huthubutu kuwekeza jasho lake pale tu anapoamini kuwa kilo yake itahesabiwa kilo. Makarani wetu wa vyama vya msingi na walisikie neno hili. Jengo hujengwa tena kwa mwaka mmoja, lakini sifa ya mizani ikiharibika, hata miaka kumi haitoshi kuirudisha.

Funzo la pili lilitokea mjini. Katika miaka ile ya utawala wa Umoja wa Mataifa, maelfu ya wageni waliingia Dili, mji mkuu, na mishahara yao mikubwa. Mara zikazuka hoteli, migahawa, maduka ya vinywaji, magari ya kukodi. Kijana aliyejua lugha ya wageni alipata kwa kazi ya udereva au ukalimani fedha ambazo baba yake mkulima hakupata kuziona. Kazi zile hazikuwa mbaya. Lakini zilisimama juu ya miguu ya wageni, na baada ya mwaka 2002 wageni walipopungua, zilipungua nazo, na uchumi ukasinyaa. Wageni walirudi baada ya machafuko ya mwaka 2006, na walipoondoka tena mwishoni mwa mwaka 2012, wenye kuwategemea walikumbuka waliyokwisha kuyaona. Usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi nasi huku twapata wafadhili, na twawashukuru. Lakini kila mradi wa mfadhili yatupasa tuuulize swali moja: je, akiondoka, kazi hii itajilipia yenyewe?

Funzo la tatu ni chungu zaidi, kwa kuwa latuhusu sote tulimao kahawa. Wakulima wale walipoanza kusimama, bei ya dunia ilianguka. Mapatano ya nchi zenye kuuza na zenye kununua kahawa, yaliyokuwa yakigawa mafungu ya mauzo, yalikuwa yamekwisha kuvunjika mwaka 1989. Vietnam ilipanda kwa wingi, Brazil ikaongeza mavuno, na mwaka 2001 bei zikashuka hata zikawa za chini kuliko zote zilizoonekana kwa miongo mingi. Wazee wetu hapa wanaukumbuka mwaka huo bila ya kuambiwa. Na nchi ile ilikuwa imechagua dola ya Marekani kuwa fedha yake tangu mwaka 2000. Jambo hilo liliilinda isipate fedha isiyo thamani, ambayo imeziangamiza nchi nyingi baada ya vita. Lakini lilifanya gharama za kazi ziwe kubwa kuliko kwa majirani, na muuza nje hakuwa na nafuu yo yote katika ubadilishaji wa fedha.

Mti wenyewe nao ulikuwa umezeeka. Wataalamu wamewaambia wakulima wa Timor mara nyingi kuwa mibuni yao yataka kukatwa shina ili ichipue upya. Wakulima wengi hawakukubali, na tusiwacheke. Mbuni uliokatwa hauzai kwa miaka miwili au mitatu. Mtu asiye na akiba, mwenye watoto watano, atakula nini katika miaka hiyo? Mwenye akiba huiona kazi ya kupogoa kuwa akili. Asiye nayo huiona kuwa njaa ya kujitakia. Tafadhali likumbukeni jambo hili mnapoufikiria mfuko wa tahadhari. Mavuno madogo hayatoki katika uvivu siku zote. Mara nyingi hutoka katika kukosa kitu cha kuegemea wakati wa kungoja.

Ushirika wao ulijibu kwa namna mbili. Ulishika ubora, kwa maana mnunuzi wa kahawa bora hakimbii upesi bei inapotikisika. Tena uliwatia wanachama moyo wa kupanda vanila, pilipili manga na karafuu kando ya kahawa, ili msimu mmoja ukiharibika usiharibu mwaka mzima. Huo, kwa maoni yetu, ndio ujasiri wa biashara unaomfaa mkulima: kuongeza mguu wa pili na wa tatu chini ya meza aliyo nayo, kuliko kuitupa meza na kuanza upya.

Funzo la nne lahusu akiba yenyewe. Baharini, kusini ya kisiwa kile, kuna mafuta na gesi. Serikali changa iliogopa yaliyozipata nchi nyingine, ambapo mali ya ardhini ililiwa na wachache katika kizazi kimoja. Kwa hiyo mwaka 2005 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Mafuta. Mapato yote ya mafuta sharti yaingie katika mfuko huo. Fedha hazitoki ila kwa idhini ya bunge, nazo hutoka kwenda katika bajeti ya Serikali tu. Benki Kuu huuendesha, na taarifa zake hutangazwa kila robo ya mwaka, mtu ye yote apate kusoma. Tena ilikadiriwa kuwa wakitoa kila mwaka kiasi cha asilimia 3 ya utajiri wote wa mafuta, fungu hilo lingeweza kudumu kwa wajukuu. Mfuko ukakua, ukapita dola bilioni 15. Na hilo katika nchi iliyokuwa majivu miaka michache kabla.

Lakini hatutaki kuwapeni nusu ya habari. Sheria ile iliruhusu kutoa zaidi ya asilimia 3 pakiwa na sababu ya kulieleza bunge. Na kwa miaka mingi sababu haikukosekana. Barabara zilihitajika, umeme ulihitajika, pensheni za wapiganaji zilihitajika. Sasa kisima kikuu kilichoujaza mfuko, kiitwacho Bayu-Undan, kimefikia ukingoni, na watu wa nchi ile wanahesabu miaka iliyobaki kabla mfuko haujakwisha. Kwa hiyo akiba yao iliwaokoa, na akiba hiyo hiyo yawaonya. Mfuko ni kanuni kwanza, fedha baadaye. Kanuni ikilegezwa kila mwaka kwa sababu nzuri, mwisho wake ni sawa na kama isingekuwako.

Basi turudi nyumbani. Tumewasikia wanachama wakisema, na wana haki ya kusema: "Fedha za pamoja zimewahi kupotea katika vyama vingi, afadhali changu kiwe mfukoni mwangu." Hofu hiyo haijibiwi kwa maneno matamu. Yajibiwa kwa masharti. Sisi twapendekeza masharti matatu, ambayo mwaweza kuyaongeza au kuyapunguza. La kwanza, senti isitoke katika mfuko ila kwa kura ya mkutano mkuu, na kwa sababu zilizoandikwa tangu mwanzo: bei kuanguka chini ya kiwango mtakachokiweka, ukame, ugonjwa wa mibuni, au kumsaidia mwanachama anayekata mibuni yake mizee kwa zamu. La pili, hesabu za mfuko zisomwe kwa sauti kila robo ya mwaka katika kila chama cha msingi, na karatasi yake ibandikwe ukutani karibu na mizani. La tatu, sehemu itakayotengwa iwe ndogo, mwanachama asiumie. Kwa maana haba na haba hujaza kibaba, lakini mwenye kuchotwa mno hukimbilia kwa mnunuzi wa njiani, naye akikimbia huko Chama hakina cha kutenga.

Pamoja na hayo liko neno la vijana. Mwaka 2006, miaka minne tu baada ya uhuru, wanajeshi wapatao mia sita waliachishwa kazi, ugomvi ukatoka kambini ukaingia mitaani, na watu wapatao laki moja na nusu wakazikimbia nyumba zao. Kulikuwa na sababu nyingi za kisiasa. Lakini moto ulikuta kuni tayari: vijana wengi mjini wasio na kazi, walioyaacha mashamba ya wazee wao kwa sababu hawakuona mapato ndani yake. Uchumi usiowapa vijana nafasi hauna uthabiti, hata ukiwa na mabilioni benki. Sisi kwetu kijana huambiwa asubiri mpaka arithi shamba ndipo awe mwanachama. Je, hawezi kuwa mwanachama kwa kitalu cha miche, kwa mashine ya kupogolea, kwa pikipiki ya kubebea buni? Twaliacha swali hilo kwa Halmashauri.

Kabla hatujakaa chini, tungependa mjue kuwa deni letu kwa wakulima wale si la mafunzo tu. Katika miaka ya 1920, katika shamba moja la Timor, ulionekana mbuni uliozaliwa wenyewe kwa kuchanganyika kwa arabika na robusta, nao haukushikwa na kutu ya majani, ugonjwa ule uliokwisha kuangamiza mashamba ya Ceylon. Wataalamu waliichukua mbegu yake, na kutoka katika ukoo huo zikazaliwa aina nyingi za kahawa zenye kustahimili. Mojawapo ni Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1985, ambayo huvumilia kutu ya majani na chule buni pia. Kwa hiyo mkulima wa Afrika ya Mashariki anayepanda Ruiru 11 apanda damu ya Timor. Kisiwa kile maskini kiliipa dunia ustahimilivu wa kahawa muda mrefu kabla dunia haijajua kuwatamka watu wake.

Ndugu wanachama, sisi hatujachomewa nyumba, na twamwomba Mungu yasitufike. Lakini bei itaanguka tena. Hilo si utabiri, ni desturi ya kahawa. Siku hiyo ikifika, hatutaulizwa tulikuwa na majengo mangapi. Tutaulizwa kama mizani yetu yaaminika, kama tuna mguu wa pili chini ya meza, na kama tuliweka kitu tulipokuwa nacho. Maswali mawili ya kwanza Chama kimeyajibu kwa sehemu katika miaka hii kumi. La tatu mtalijibu nyinyi kesho asubuhi, kila mmoja kwa mkono wake, na jibu lo lote mtakalotoa sisi watumishi wenu tutalitii.